Onja Kwanza

Binti yangu alivimba mara ya kwanza akiwa na miezi minane, mchana wa Jumamosi, wakati nimeenda kupanga foleni ya maji. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mfereji wa uani kwetu, mtaa wa Bahati, ulikuwa ukitoa maji unapotaka wenyewe. Ukisikia umetoa, unaacha kila kitu, hata chungu kikiwa motoni. Nilimwachia mtoto jirani wa mlango wa pili, mjane wa rika la mama yangu, mtu wa kwetu magharibi. Watoto wa uani walimwita Kukhu, yaani nyanya, na sisi wakubwa tukamwita hivyo hivyo. Niliporudi na mtungi wangu nilikuta midomo ya mtoto imekuwa minene, jicho moja limefungika, na shingo yote imejaa mabaka mekundu.

"Umempa nini?" nilimuuliza Kukhu.

"Sijampa kitu, mwanangu. Amenyonya kidole changu tu."

Kukhu aliuza njugu. Kila siku alikaanga njugu karanga kwenye karai mbele ya mlango wake, akazifunga kwenye vikaratasi vya gazeti, akaenda kuziuza nje ya shule ya msingi. Wewe unayesoma leo najua umekwisha kuelewa, na pengine unatamani kunishika mabega unitikise. Mimi mwenyewe ningependa kurudi nijitikise. Lakini sisi hatukuwa na habari kwamba chakula safi, kinacholiwa na kila mtu, kinaweza kumfunga mtoto koo. Kwetu njugu ni heshima. Mgeni anakaribishwa kwa njugu, mama aliyejifungua anapewa njugu, na mtoto akikonda anasagiwa njugu kwenye uji. Ningeshuku maji ya mfereji, ningeshuku sabuni, ningeshuku sumu ya panya. Njugu nisingezishuku kabisa.

Nilikimbia naye kliniki. Daktari alimpa dawa ya maji ya manjano, uvimbe ukashuka kabla ya jua kutua.

"Huyu ana aleji, mama. Aleji ya chakula."

"Chakula gani, daktari?"

"Hiyo ni kazi yako sasa. Nenda ukachunge chakula chake."

Neno hilo, chunga, nimelifikiria miaka mingi. Unachunga mbuzi wasipotee, unachunga gari lisikugonge, unachunga mali isichukuliwe na mtu. Daktari alitaka nitazame kwa makini ni chakula gani kinachomdhuru mtoto. Angesema hivyo, jamani, angetumia pumzi mbili zaidi, ningeelewa. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni ya akina mama hadi nje ya lango, na mimi nilitoka mle na neno moja tu. Nilipofika nyumbani nikaamua kwamba chakula chote ni adui hadi kithibitishe vinginevyo.

Nikamwondolea mayai. Alipovimba tena nikamwondolea maziwa. Alipovimba mara ya tatu nikaondoa maharagwe, samaki na ndizi. Kati ya mara hizo alikuwa akijikuna hadi damu, anatapika, anaharisha, analala mchana kutwa kama mtu aliyechoka na maisha. Alipofika mwaka mmoja alikuwa anakula ugali, maji ya sukuma wiki na uji mwepesi. Kwenye kadi yake ya kliniki ule mstari wa uzito ulikuwa umeanza kushuka, na kila mwezi muuguzi alikuwa ananitazama mimi, hamtazami mtoto. Alikuwa na miguu ya kuku. Nilipomwogesha nilikuwa nafumba macho nikifika kwenye mbavu. Usiku na mchana nilikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba mtoto huyu atanifia, na kwamba nitakuwa nimekaa pale pale karibu yake nikishona. Nilikuwa fundi wa sare za shule, cherehani yangu ilikaa dirishani, na mara nyingi nilishona mkono wa shati mahali pa kola kwa sababu ya kumtazama yeye.

Mtu akifika hapo haulizi tena dawa imetoka wapi. Nilinunua mizizi soko la Gikomba, nikaichemsha kwenye supu ya mbuzi hadi ikawa nyeusi, mtoto akaitapikia nguo ya mteja. Nilimnywesha mkaa uliosagwa, kwa sababu mama mmoja pale uani alisema mkaa unavuta sumu. Nilimpeleka kwenye kanisa la mahema ambako walimshika kichwa, wakaomba kwa sauti hadi akazimia kwa usingizi, kisha wakaniambia mtoto afunge siku tatu. Mtoto ambaye tayari hali, eti afunge! Nilikasirika, nikarudi nyumbani, nikamfungisha siku moja. Ndiyo, nilimfungisha. Usinihukumu haraka, nimejihukumu vya kutosha.

Mimi ni Mkristo wa kubatizwa, lakini nilikwenda pia Pumwani, Majengo, kwa mzee mmoja aliyeandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaosha maandishi kwa maji, akampa mtoto anywe yale maji. Huyo alitupokea vizuri kuliko wote. Aliniambia nisiache hospitali. Nilimshukuru, na nilipofika barabarani nikalia, maana nilitaka aniambie kwamba hospitali haitahitajika tena.

Kilichotumaliza ni kwamba kila dawa ilifanya kazi. Mizizi ilifanya kazi wiki mbili. Kanisa lilifanya kazi siku kumi. Zafarani ilikaa karibu mwezi, na nilikuwa nimeanza kumwambia mume wangu kwamba mtoto amepona, kisha alasiri moja Kukhu akapita, akambusu shavuni, na shavu lile likainuka kama andazi kwenye mafuta.

Nililiona kwa macho yangu. Mama mkwe wangu pia aliliona.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka nyumbani magharibi baada ya kusikia kwamba mjukuu wake anapotea. Alikuwa mwanamke mwenye bidii na asiyetaka kubishiwa. Alimtazama Kukhu akiondoka na karai lake, akasubiri mlango wake ufungwe.

"Daktari alikuambia uchunge chakula. Ulimuuliza ukichunge kisiharibiwe na nani?"

Nilichovya kitambaa majini, nikalikanda lile shavu.

"Wewe umesoma, lakini wewe ni mtoto wa kwetu. Hiyo ni sihoho."

Sina budi kueleza. Kwetu husemwa kuna watu waliozaliwa na jicho ambalo likitua kwenye chakula chako, chakula hicho kinageuka ugonjwa tumboni. Hiyo ndiyo sihoho. Mwenyewe si mchawi, hakutafuta, hakununua, na mara nyingine hata hajui. Ndiyo maana zamani watu walikuwa wakila wamefunga mlango. Nilikuwa nimesikia hadithi hizo utotoni na kuzicheka nikiwa kidato cha tatu.

Tulikwenda Mathare kwa mwanamke aliyejulikana kwa kuitoa. Alimlaza binti yangu kwenye gunia safi, akampaka samli tumboni, akaweka majani ya kunde, akasugua. Kisha akainama akafyonza ngozi ya tumbo kwa mdomo wake, akatema kwenye bakuli la bati. Alifanya hivyo mara nyingi. Mtoto hata hakulia, alikuwa amezoea kushikwashikwa. Mwishowe mwanamke yule akatuonyesha bakuli. Ndani ya mate kulikuwa na punje ya wali, gamba la samaki, na kipande cha ganda jekundu la njugu.

"Nani kwenu anayeuza njugu?" aliuliza.

Sijui alilitoa wapi lile ganda. Labda lilikuwa kwenye meno yake, labda mama mkwe alikuwa amezungumza naye kabla. Lakini jibu la ugonjwa wa mtoto wangu lilikuwa mle ndani ya bakuli, limelowa mate, mbele ya macho yangu, na tulilisoma vibaya. Tuliona njugu tukamwona mwenye njugu.

Sitasema kwamba nililazimishwa na mama mkwe. Niliamini mwenyewe. Niliamini kwa sababu mambo yalikubaliana. Mara ya kwanza alikuwa mikononi mwa Kukhu. Mara ya pili Kukhu alikuwa amemlisha uji niliopika mimi. Mara ya tatu alimbeba akimpeleka kwa mwanawe aliyekuwa amekuja kumsalimu. Na shavu, je? Nani angeona shavu lile asiamini? Hata leo nikiambiwa nichague kati ya nilichoona na nilichosoma shuleni, sina hakika.

Mwanamke wa Mathare alituambia dawa yake ni rahisi, na ni ya zamani. Mwenye jicho aonje kwanza. Amege tonge kutoka kwenye sahani ya mtoto, aliume, nusu alirudishe, na mtoto apewe ile nusu kabla ya kitu kingine chochote. Jicho haliwezi kudhuru chakula ambacho mdomo wake mwenyewe umekwisha kukila. Afanye hivyo kila siku hadi mtoto anenepe.

Sasa fikiria kwenda kwa mtu kumwomba hivyo. Kwetu huwezi kumwambia mtu "onja kwanza" bila yeye kujua umemwita nini. Mtu wa kabila lingine angedhani ni ukarimu. Kukhu alikuwa wa kwetu. Nilitamani awe wa kwingine kokote.

Nilikwenda asubuhi na mapema, kabla hajawasha jiko. Mama mkwe alikataa kwenda, alisema ni kazi ya mama wa mtoto. Nilibeba sahani yenye ugali kidogo na mboga, na mtoto mgongoni.

"Karibu, mwanangu. Mbona mapema? Amelala vizuri?"

"Amelala vizuri, Kukhu. Nimekuja... Kukhu, naomba uonje kwanza, ndipo ale."

Alikuwa anafunga leso. Mikono yake ilisimama pale kiunoni. Alinitazama, kisha akaondoa macho kwangu, akayaondoa na kwa mtoto, akatazama ukutani ambako alikuwa ametundika kalenda ya mwaka uliopita. Nilisubiri anitukane. Ningestahili, na pengine ningepona.

"Nani amekuambia?"

"Mama. Na mwingine, Mathare."

"Na wewe?"

Nilinyamaza. Kunyamaza kule ndilo jibu baya kuliko yote niliyowahi kumpa mtu.

"Haya," alisema. "Kama ni mimi, basi nionje. Mtoto asife kwa sababu yangu."

Akanawa mikono. Akamega tonge, akaliuma, akarudisha nusu kwenye sahani, na alifanya hivyo akiwa amefumba macho. Nilimlisha binti yangu ile nusu pale pale mlangoni. Hakuvimba. Kesho yake hakuvimba. Siku ya tatu, siku ya nne, hakuvimba. Mama mkwe alianza kuimba nyimbo za kanisa akiosha vyombo, na mimi nikamwongezea mtoto yai, akala, akatulia. Nilifurahi. Nataka ijulikane kwamba nilifurahi, nikamnunulia Kukhu sukari robo kilo kama asante, naye akaipokea.

Siri haikai uani ambako watu wanapika mahali pamoja na wanangojeana chooni. Siku ya tano mama wa mlango wa nne alikuja kwa Kukhu na sahani yake, maana mwanawe alikuwa na tumbo la kuendesha. Siku ya sita walikuja wawili. Walikuwa wakisimama mlangoni kwake kwa heshima zote, "Shikamoo, Kukhu, onja kwanza," naye anamega, anauma, anarudisha, amefumba macho. Njugu zake zikaanza kubaki. Watoto wa shule walikuwa wameambiwa na mama zao. Alikuwa anarudi na vikaratasi vyote kama alivyoondoka navyo, na nilimwona akizila mwenyewe, moja moja, ili zisiharibike.

Jumapili hiyo tulichelewa kanisani. Asubuhi sikumpa mtoto kitu, nilisema atakula tukirudi. Tuliporudi ilikuwa saa nane, Kukhu alikuwa mbele ya mlango na karai lake, anakaanga, anaonja kama zimeiva, anakaanga. Nilimletea sahani. Alipangusa vidole kwenye aproni, akamega, akauma, akarudisha. Nilichukua ile nusu nikamtilia binti yangu kinywani kwa mkono wangu huu.

Alikohoa. Akakohoa tena. Kisha akaanza kujikuna shingo kwa mikono miwili, kwa haraka, na sauti iliyotoka haikuwa kilio, ilikuwa kama filimbi nyembamba. Midomo ikajaa. Ulimi ukajaa. Nilimwita jina, nikamtikisa, nikamgeuza kichwa chini, mama mkwe akaleta maji, akaleta samli, akaleta Biblia. Macho ya mtoto yalikuwa yamenikazia mimi, kisha yakaacha kunikazia. Kuanzia hapo sikumbuki nilivyofika nje. Nakumbuka nilikuwa napiga mayowe na kwamba nilikuwa sina kiatu kimoja.

Kukhu ndiye aliyesimamisha gari. Lilikuwa gari la kusambaza mkate, linateremka kwa kasi kuelekea Jogoo Road. Alikimbia na umri ule, akaingia katikati ya barabara, akanyosha mikono. Gari lilifunga breki, likasimama karibu kumgusa tumbo.

"We mathe, unataka kufa?" dereva alipiga kelele.

"Mtoto! Mtoto anakufa! Mchukue!"

Dereva aliruka akafungua mlango. Nilipofika na mtoto mikononi, Kukhu alinyosha mikono anisaidie kupanda, na mama mkwe akampiga kikumbo.

"Usimwangalie! Umemmaliza na bado unamwangalia!"

Kukhu alivuta leso kutoka kiunoni, akajifunika uso mzima. Akasimama hivyo pale barabarani, amefunikwa kama maiti, hadi tulipoondoka. Niliona kwa dirisha.

Hospitalini walimchoma sindano pajani, wakamwekea hewa, wakamchoma nyingine. Sijui ilichukua muda gani. Ile filimbi ikawa nzito, kisha ikawa kukoroma, kisha ikawa pumzi ya mtoto. Nilikaa sakafuni. Daktari wa zamu alikuwa msichana, nadhani alikuwa mdogo kuliko mimi, na alikuja akachuchumaa pale sakafuni nilipokuwa.

"Mama, alikula nini?"

"Ugali. Na sukuma wiki."

"Tangu azaliwe amekula ugali na sukuma?"

"Kila siku."

"Basi si hivyo. Nani alipika?"

"Mimi."

"Kuna mtu mwingine aliyegusa chakula?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilisema, "Jirani alionja."

"Alionja kwa kijiko?"

"Kwa mkono. Aliuma kidogo, akarudisha."

Alinitazama, hakuuliza kwa nini. Mungu ambariki, hakuuliza kwa nini.

"Huyo jirani hufanya kazi gani?"

"Anauza njugu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akaniuliza tena taratibu kuhusu mara ya kwanza, mara ya pili, kuhusu kidole, kuhusu uji, kuhusu shavu, na kila nilipojibu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kisha akanieleza. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto, nami nilihitaji hivyo. Kwamba mwili wa binti yangu unaziona njugu kama adui. Kwamba hahitaji kuzila, vumbi lake tu kwenye kidole linatosha, mate ya aliyezila yanatosha. Kwamba asubuhi zile zote jirani alikuwa hajakaanga, kinywa na mikono vilikuwa safi. Kwamba mayai hayana neno, maziwa hayana neno, samaki, maharagwe, ndizi, vyote havina neno.

"Vyote?"

"Vyote. Mtoto wako ana njaa, mama."

Nililia kwa kelele hadi muuguzi akaja kuniambia kuna wagonjwa. Miezi kumi nilikuwa nimemnyima mtoto kila kitu kinachojenga mwili, nikampa mizizi, mkaa na samli ya tumboni, na kile kimoja kilichokuwa kinamuua nikawa namtafutia kwa kuomba, kwa adabu, kwa sahani.

Tulikaa hospitalini siku tatu. Tuliporudi, mlango wa Kukhu ulikuwa na kufuli, na karai halikuwepo. Mama wa mlango wa nne alisema amekwenda kwa binti yake, hakusema lini atarudi, hakuaga. Nilimweleza mama mkwe maneno ya daktari, yote, mara mbili. Alisikiliza, akafikiri, akasema, "Basi sihoho yake iliingia kwenye njugu." Nilimwacha. Kuna watu huwezi kuwashinda, na yeye alikuwa anampenda mjukuu wake.

Mtoto akaanza kula. Sijui nisemeje furaha ya kumwona mtoto akilamba kiini cha yai kwenye kidevu chake. Baada ya mwezi mashavu yalirudi. Na mimi, aibu yangu ilikuwa inanenepa pamoja naye. Nilijua yanipasa niende kumtafuta Kukhu. Kila Jumapili nilisema Jumapili ijayo. Mume wangu ndiye aliyenimalizia visingizio. Alikuwa mfanyakazi wa kudumu kwenye kiwanda cha sabuni, Industrial Area, na binti ya Kukhu aliajiriwa pale kwa siku, kufunga maboksi. Wanakaa Mukuru kwa Reuben, aliniambia, karibu na kinu cha kusaga. Alinipa maelekezo hadi mlango.

Nilikwenda peke yangu, mchana, na nilivaa kama mtu anayekwenda kanisani. Binti ya Kukhu alinifungulia. Chumba kilikuwa cha mabati, kidogo, safi. Sakafuni palikuwa na mtoto wake wa kike, umri kama wa wangu, ana bakuli la uji na kijiko kikubwa kuliko mdomo. Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni, uso wake umeelekea ukutani. Alikuwa karibu sana na mabati, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa pale.

"Msamehe, hatageuka," binti yake aliniambia kwa sauti ya chini. "Siku hizi mtoto akila, mathe hugeuka hivyo. Tumemwambia aache. Hataki kusikia."

Niliketi sakafuni nyuma ya mgongo wake.

"Shikamoo, Kukhu."

Aliijua sauti yangu.

"Marahaba. Yuko?"

"Yuko, Kukhu. Amepona."

"Anakula?"

"Anakula kila kitu. Anakula mayai. Anakunywa maziwa hadi nayaficha."

Mabega yake yalishuka. Alicheka kidogo, akiutazama ukuta, akasema asante Yesu, asante Yesu, mara nyingi. Nami nikauambia mgongo wake yote niliyoambiwa na daktari. Nilimweleza kidole, uji, shavu, karai, tonge la Jumapili. Nilimwambia hakuna sihoho, hakuna jicho, ni njugu tu, na hakuna aliyejua.

"Daktari amesema hivyo?"

"Amesema."

"Amesema macho yangu hayana kitu?"

Daktari hakusema neno kuhusu macho ya mtu yeyote. Sikuwa nimemwambia, nilikuwa nimeona aibu.

"Ndiyo, Kukhu. Amesema macho yako hayana kitu kabisa."

Akageuka, polepole, na kigoda chake. Alikuwa amekonda. Alimtazama mjukuu wake aliyekuwa na uji hadi kwenye nyusi, akamtazama kwa muda mrefu bila kupepesa, machozi yakimtoka, na mtoto akamtazama naye, kisha akamnyoshea bakuli tupu.

Kukhu alinyosha mkono alipokee. Mkono ukafika katikati, ukasimama. Akaugeuza, akatazama kiganja, akautazama ule mwingine.

"Kwa hiyo ilikuwa mikono," alisema. "Basi kumbe ni mimi, kweli."

"Si wewe, Kukhu. Sahani nilileta mimi. Tonge nilimtilia mimi."

Sijui kama alinisikia. Alikuwa amekwisha kuificha mikono yote miwili ndani ya leso. Mtoto alikuwa bado amenyosha bakuli, ameanza kununa.

"Huyu hana shida na njugu?" Kukhu alimuuliza binti yake.

"Hana, mathe. Si anazila kila siku? Mpe uji."

"Mpe, Kukhu," nilisema. "Huyo mpe. Tafadhali, mpe."

"Mwongezee wewe," alimwambia binti yake. "Mimi nitampa kesho."

Binti yake aliinuka akachukua bakuli, akamimina uji. Nilikaa kidogo zaidi, nikanywa chai, tukazungumza habari za mvua ya nyumbani, kisha nikaaga. Sikurudi tena kuona kama alimpa.